Kona Saba za Ukutani

Mteja alikuwa katikati ya kueleza jinsi friji yake inavyonguruma, Dada Simu akamwambia, "Pole sana, mama, hebu isogeze kidogo kutoka ukutani," na yule mama wa upande wa pili akauliza, "Halo? Mbona unaongea kama mtu anayezama?" Kisha simu ikakatika. Ilikuwa Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, na chai mezani ilikuwa bado inafuka mvuke.

Simu ya pili ikakatika vilevile. Ya tatu, mteja alitukana kwanza ndipo ikakatika. Saa nne kamili kampuni ikapima kasi ya intaneti yake, kama ilivyompima kila mfanyakazi siku za Jumanne na Ijumaa, na kwenye kioo cha kompyuta ikatokea namba nne, nyekundu. Wiki iliyopita ilikuwa sitini. Chini ya ishirini huhesabiwa kosa, na makosa matatu yakifuatana jina hutolewa kwenye ratiba. Hakuna barua, hakuna kuitwa ofisini. Unaamka asubuhi unakuta jina lako halipo.

Jina la Dada Simu alipewa na mtaa, na halikuwa la heshima sana, maana wengi hawakuelewa ni kazi gani hiyo ya kwenda kazini bila kuvaa viatu. Alikaa kwenye pembe ya sebule, hedifoni kichwani, akipokea malalamiko ya watu walionunua friji na majiko ya kampuni ambayo jengo lake hajawahi kuliona. Malalamiko hayo yalipita kwenye kompyuta, na kompyuta ilitegemea waya mwembamba mweupe uliotoka kwenye nguzo ya barabarani ukaingia dirishani. Intaneti ya bando la simu kampuni haikuikubali. Kwa hiyo waya huo ndio uliowalisha watu watatu: yeye, bintiye wa sekondari aliyekuwa likizo, na baba yake mzee, ambaye nyumba ilikuwa yake lakini sufuria iliyochemka ndani haikuwa yake.

"Baba, intaneti imekufa," alisema.

"Haijafa. Taa zinawaka." Mzee aliinuka kitini akakitazama kile kisanduku chenye taa nne za kijani, kwa jicho la mtu aliyekwisha kuona visanduku vingi. "Kitu kikifa hakitoi taa. Hiki kinaumwa tu."

Watu walimwita Mzee Pimamaji. Miaka thelathini na nane alitia umeme katika nyumba za watu, na hakuwahi kufunga swichi hata moja bila kuweka pimamaji juu yake kuona kama imelala sawa. Wenzake walimcheka, kisha wakaanza kumwita wakaguzi walipokuja. Lakini tangu mkono wake wa kulia uanze kutetemeka hakuna aliyemwita. Nani atampandisha ngazi mtu anayemwaga chai?

Ndiyo maana Jumapili ile, siku mbili kabla ya simu kuanza kukatika, ilikuwa siku kubwa. Waya mweupe ulikuwa umening'inia kutoka dirishani hadi mezani kama kamba ya kuanikia nguo, na mzee aliuvumilia mwaka mzima mpaka uvumilivu ukamwishia. Akatoa sanduku la vifaa. Kutoka asubuhi hadi jioni akaushusha waya kando ya dirisha, akaulaza chini ya ukuta, akaupandisha kuzunguka fremu ya mlango, akaupitisha nyuma ya kabati la vyombo mpaka kwenye meza ya binti yake. Aliuvuta ukakaza. Kila shubiri klipu moja, kila klipu msumari mmoja, na kila kona aliikunja ikasimama mraba, ungeweka kitabu hapo kingekaa. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu akatazama, mkono unaotetemeka ameutia mfukoni. Mjukuu wake akapiga picha. Dada Simu hakuwa ameuona uso ule wa baba yake kwa miaka sita.

Jumatatu yake Dada Simu alikuwa na ruhusa, hakufanya kazi. Jumanne ndiyo hiyo.

Alipiga simu kwa watu wa intaneti akiwa amesimama jikoni. Kijana wa huko akamwambia azime kisanduku, ahesabu hadi thelathini, awashe. Dada Simu alizima, akahesabu, akawasha, maana maneno hayo aliyajua. Hata yeye huwaambia hivyohivyo wenye friji asipojua la kuwaambia.

"Imepona?"

"Haijapona."

"Kiinue juu kidogo, dada, kisikae chini."

Bintiye akakiweka juu ya kabati. Wakakishusha wakakiweka kitini. Wakachomeka kompyuta moja kwa moja bila kupitia hewani. Nne. Wakazima simu zote za nyumbani. Nne na nusu.

"Kuna kitu chochote kimebadilishwa kwenye waya siku hizi?" kijana akauliza. "Umekatwa, umehamishwa, umevutwa?"

Dada Simu alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, na kutoka pale alimwona baba yake ameinama anafuta vumbi juu ya klipu kwa ncha ya kitambaa.

"Hapana," alisema. "Hakuna kilichobadilishwa."

"Basi nitakuandikia fundi. Wiki moja, dada. Tuna foleni."

*

Mzee Pimamaji hakupenda kungoja mafundi wa watu. Alichukua testa yake akapima kila soketi ndani ya nyumba, akafungua swichi kuu, akakaza skrubu ambazo hazikulegea. Jumatano mchana akatoa hukumu.

"Umeme ni mzima. Waya ni mzima, nimeulaza mwenyewe. Kilichobaki ni mlaji. Nani mwingine anatumia hii kitu?"

"Ni jirani tu, babu," mjukuu akasema.

"Basi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Jirani alikuwa mshonaji aliyepanga chumba cha pili kwa upande wa nyuma, ukuta wao ukiwa mmoja. Mwaka uliopita Dada Simu ndiye aliyempa paswedi kwa hiari yake, akamwandikia kwenye kipande cha karatasi ya mtindo wa gauni. Mshonaji alikuwa na mama yake huko mbali, mkongwe, asiyesikia kabisa. Kumpigia simu ya kawaida ilikuwa sawa na kulipigia jiwe. Kwa hiyo kila siku saa kumi jioni cherehani hunyamaza, mshonaji huinua simu mbele ya uso wake, na mama yake huko anamsoma midomo kwa nusu saa. Wakati mwingine hawasemi kitu. Anamwonyesha kitambaa anachoshona, mama anatikisa kichwa kukubali au kukataa rangi.

Wakabadilisha paswedi. Saa kumi na dakika tano mshonaji alikuwa mlangoni, uzi mweupe umemganda begani.

"Shikamoo, baba. Samahani, intaneti yenu imekatika au ni kwangu tu?"

"Ni kwako tu," mzee akajibu. "Tumekutoa."

Alicheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akamtazama Dada Simu, na Dada Simu akatazama kompyuta.

"Mimi natumia nusu saa tu, baba. Mama ananingoja."

"Nusu saa ya picha. Picha inakunywa, mama. Inakunywa kama punda. Huyu hapa anapimwa Ijumaa, kazi yake ikienda utatulisha wewe? Watu wanakupa mkono, unavuta bega."

"Basi niambieni saa ambayo hamtumii. Hata alfajiri. Nitamwomba dada yangu amwamshe."

"Acha kwanza tuone," alisema Dada Simu bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ileile ya kazini, yenye adabu, isiyo na mtu ndani yake. "Ikitengemaa tutakuita, shoga."

Mshonaji akasema sawa. Alisimama kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha akaenda zake.

*

Ijumaa saa nne namba ilikuwa tatu na nusu.

Mtu mwingine angesema, basi tumemwonea jirani. Lakini mzee alikuwa amekwisha kutoa hukumu, na hukumu ya fundi mkuu hairudi nyuma kirahisi. "Ana mbinu," alisema. "Hizi simu za siku hizi zinafungua paswedi kama kopo. Nataka niione hiyo simu."

"Babu, acha," mjukuu alisema. "Utatuaibisha."

"Aibu ni ya mwizi."

Dada Simu alikuwa na nafasi ya kusema. Tangu Jumatano usiku alikuwa amelala akiwaza kwamba kitu kimoja tu kilibadilika nyumbani mwao wiki ile, na kitu hicho kilikuwa ukutani, kimenyooka, kinang'aa. Alikuwa ameliwaza akaligeuza ubavu wa pili, kama mtu anayegeuza mto wenye joto. Angemwambiaje? Huyu mtu wamemnyang'anya ngazi, wamemnyang'anya wateja, sasa aende amnyang'anye na ukuta? Fundi yuko njiani. Fundi atakuja, ataona la kuona, na huenda likawa jambo jingine. Akavaa tena hedifoni, na baba yake akatoka.

Mshonaji alikuwa anampima mteja kiuno, futi imezunguka. Mteja wa pili alikaa kwenye kiti akingoja zamu. Mzee Pimamaji akaomba simu. Aliomba kwa sauti ya chini, hakufoka, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa mabaya zaidi, kwa sababu wale wanawake wawili walidhani ni jambo la kweli.

"Simu yangu ya nini, baba?"

"Tuone kama haimo kwenye intaneti yetu."

Mshonaji aliiachia futi, ikaanguka. Akaitoa simu mfukoni mwa aproni, akaifungua, akampa. Mzee hakujua pa kubonyeza. Akamwita mjukuu wake, na yule msichana akaja akiwa ameinamisha kichwa, akabonyeza mara mbili, akasema polepole, "Haimo, babu." Ndani ya simu, juu kabisa, palikuwa na picha ya mwanamke mkongwe amekaa kitandani akitazama mbele, akingoja.

"Naomba radhi kwa usumbufu," mzee alisema.

"Si kitu." Mshonaji aliinama kuokota futi. Mteja aliyekuwa akingoja akachukua mkoba wake, akasema atarudi siku nyingine.

*

Jumatatu, kikao cha asubuhi. Wapokeaji simu ishirini na wawili, kila mmoja katika kidirisha chake kwenye kompyuta, na msimamizi ambaye huwaita wote wapendwa.

"Wapendwa, leo nataka tusikilize kitu," alisema, na sauti yake ilimfikia Dada Simu vipandevipande. "Simtaji mtu. Tujifunze tu."

Akacheza rekodi. Ilikuwa sauti ya Dada Simu mwenyewe, imekatwakatwa kama nyama ya bucha, ikisema po-po-pole sa-ma-ma, na mtu mmoja miongoni mwa wale ishirini na wawili akasahau kuzima kipaza sauti chake akacheka. Hakucheka sana. Dada Simu alijua ni nani; walikuwa wakitumiana salamu za sikukuu.

Baada ya kikao aliomba kuzungumza na msimamizi.

"Mpendwa, mimi nakuelewa kabisa," alisema msimamizi. "Kanuni iko hivi. Hitilafu ya nje, nguzo imeanguka, waya wa barabarani umekatwa, hiyo ni ya watu wa intaneti, na tunaisamehe. Hitilafu ya ndani ni ya mwenye nyumba. Niletee fomu ya fundi, imeandikwa chanzo, imesainiwa na fundi na mwenye laini. Kabla ya saa kumi na moja ya siku ya kosa la tatu. Baada ya hapo mfumo wenyewe unafunga, mimi sina mkono."

"Fundi anakuja kesho mchana."

"Basi tuombe iwe ya nje."

Kesho yake, Jumanne, saa nne na dakika moja, kioo cha kompyuta kikageuka kijivu. Jina lake lilikuwa pale, limepigwa mstari.

*

Fundi alikuwa msichana. Alikuja saa saba mchana, ngazi begani, kofia ya plastiki kichwani, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi, babu. Wengine wamewaishia." Akatabasamu, akaweka ngazi chini. Mzee naye akatabasamu bila kutaka.

Alipanda nguzo akashuka. Nguzoni mwanga wa ndani ya waya ulikuwa safi. Akaingia ndani, akauchomoa waya kwenye kisanduku, akatoa kitu kama kalamu, akaichomeka kwenye ncha ya waya. "Hii inatia taa nyekundu ndani," alieleza. "Waya mzima taa haionekani. Ikitoka mahali, hapo ndipo penye tatizo. Tufunge mapazia tafadhali."

Binti wa Dada Simu akafunga mapazia, na sebule ikawa giza la mchana.

Kwanza iliwaka moja, nyuma ya kabati, ndogo kama kaa la ubani. Kisha macho yalipozoea wakaona nyingine juu ya fremu ya mlango upande wa kulia. Na upande wa kushoto. Na chini ya fremu, zote mbili, pale waya ulipogusa sakafu. Mjukuu alikuwa ameanza kuhesabu kwa sauti. "Moja, mbili, tatu, nne, tano." Akakoma. Mbili zilizobaki, chini ya dirisha na juu yake, hakuna aliyezihesabu. Kona saba, kila moja ikiwaka pale ilipokunjwa mraba, na katikati yao klipu zimejipanga gizani kama meno.

Fundi alipiga magoti kwenye kona ya kwanza. Hakujua ni kazi ya nani, ndiyo maana alisema alichosema.

"Aliyelaza huu waya ana mkono kweli. Ungekuwa wa umeme ningemwomba anifundishe. Lakini hii ni faiba, ndani yake hakuna shaba, kuna uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele. Kinachopita ni mwanga, na mwanga hauwezi kukunja kona kali hivi. Unavuja." Akamgeukia Dada Simu. "Dada, kwenye karatasi yangu imeandikwa ulisema hakuna kilichobadilishwa."

Kupitia ukutani ilisikika cherehani ya jirani.

"Ni mimi," Mzee Pimamaji akasema. "Ni mimi niliyeulaza."

Aliusogelea mlango. Akanyoosha kidole chake kinachotetemeka juu ya kona iliyokuwa ikiwaka, na wekundu ukakaa kwenye kucha. Aliutazama kwa muda mrefu, kama anayesoma hesabu ambayo majibu yake ameyaona lakini hayakubali. Kisha akamtazama binti yake.

"Ulijua?"

"Sikujua, baba."

"Ulidhani?"

Dada Simu alifungua pazia.

*

Waya mpya ulichukua saa moja. Fundi aliuacha umelegea, ukishuka kwa miduara mikubwa, na kwenye kompyuta ikatokea sitini na mbili. Saa tisa na nusu akakaa mezani na fomu yake. Alikuwa amekwisha kuelezwa habari ya ratiba, ya saa kumi na moja, ya hitilafu ya nje na ya ndani.

"Nitaandika waya wa nje, kwenye nguzo," alisema. "Nguzo haiwezi kunishitaki. Ila mwenye laini lazima asaini."

Laini ilikuwa kwa jina la mwenye nyumba. Mzee akavaa miwani, akaisoma fomu yote tangu juu, hata maandishi madogo.

"Hapa pamesemwa chanzo ni nguzo."

"Ndiyo, babu."

"Kuna nyumba iliwahi kuungua," alianza polepole, hakumwambia yeyote hasa. "Waya wa bei rahisi, aliununua mwenye nyumba mwenyewe. Wakanitaka nisaini kwamba ni panya waliotafuna. Nikakataa. Nikakaa miezi mitano bila kuitwa kazi. Mama yako anajua."

"Baba," Dada Simu alisema, "mama hayupo. Mimi ndiye nipo."

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini. Bintiye alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ameikunja. Mzee aliichukua kalamu. Mkono ulimtetemeka mpaka ncha ikagonga karatasi mara mbili bila kuandika, na Dada Simu akaishika fomu pande zote mbili isiteleze. Saini ilitoka kama ya mtu mwingine. Fundi akasema inatosha, babu, inatosha, akaipiga picha akaituma.

Kisha Mzee Pimamaji akachukua koleo na kuanza kung'oa klipu zilizobaki ukutani. Walimwambia aache, zitatolewa baadaye. Hakuacha.

Jioni ile Dada Simu aliandika paswedi mpya kwenye karatasi, akamtuma bintiye kwa jirani. Msichana akarudi na karatasi yake.

"Amesema anashukuru. Amesema huko kwao walikuwa wanamwekea bibi simu mbele kila siku saa kumi, na kioo kinabaki cheusi. Bibi akawauliza amemkosea nini mwanawe. Sasa bibi mwenyewe amesema simu isiletwe tena chumbani kwake." Akaiweka karatasi mezani. "Nimemwambia ni waya wetu wenyewe. Amesema si kitu."

*

Asubuhi jina lilikuwa limerudi. "Karibu tena, mpendwa," msimamizi aliandika. "Kosa la tatu limefutwa. Mawili ya mwanzo hayana fomu, kwa hiyo yanabaki. Jitahidi sana." Kuondoka kitini katikati ya simu lilikuwa kosa. Kumkatiza mteja lilikuwa kosa. Dada Simu alivaa hedifoni, akakaa wima.

Baba yake alipita nyuma yake. Alikuwa amevaa shati la kutokea, limepigwa pasi, na hakusema anakwenda wapi. Hakukuwa na haja. Dada Simu alisikia kandambili zake zikizunguka nyumba upande wa nyuma.

Mteja wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye jiko lisilozimika.

"Unanisikia vizuri, bibi?"

"Vizuri mno, mwanangu. Kama umekaa hapa kwangu jikoni."

"Hodi," alisema Mzee Pimamaji upande wa pili wa ukuta.

Cherehani ilikuwa inakwenda. Bibi alianza kueleza kitufe kilivyonasa, kwanza upande huu, kisha upande ule, na mwanawe alivyomshauri atumie mafuta.

"Hodi, mwanangu. Ni mimi, baba yenu wa hapa."

Cherehani ikanyamaza. Dada Simu alishika ukingo wa meza. Alingoja asikie komeo, au kiti kikisogezwa, au angalau neno. Kisha cherehani ikaanza tena, mwendo uleule, mshono mrefu usiokatika.

"Hodi," baba yake akasema mara ya tatu, kwa sauti ya chini.

Bibi akasita. "Mwanangu, nasikia kuna mtu anabisha hodi hapo kwako. Mzee wa watu. Nenda kamfungulie kwanza, mimi nitangoja, sina haraka."

"Si kwangu, bibi," Dada Simu alisema. "Endelea tu, nakusikiliza."